Hakuna Baraza

Hesabuni vipande kabla ya kuzima mashine. Wanangu mnaoanza kazi hii, mkisoma mstari huu mkaishia hapo, mtakuwa mmepata yote niliyo nayo, na mnaweza kurudi kwenye simu zenu. Watakaobaki nitawaeleza kwa nini mzee kama mimi, mwenye nyumba yake mwenyewe hapa Kibokoni, huketi kila asubuhi kwenye baraza ya mtu mwingine.

Mimi ni Fundi Salim, na kazi yangu ilikuwa kujenga vidogo. Mhandisi akitaka kuwaonyesha wakubwa jengo ambalo bado halijajengwa, alituletea michoro, nasi tukamtengenezea jengo hilo la kukaa juu ya meza: kuta, paa, ngazi, roshani, milango, hata tangi la maji lisilozidi punje ya dengu. Jengo hilo dogo tuliliita mfano. Kwa hesabu hiyo nimejenga nyumba nyingi kuliko mkandarasi yeyote wa kisiwa hiki, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuja.

Katika nyumba zote hizo sijawahi kuombwa niweke jaa la taka. Miti, ndiyo. Mahali ambapo mnajua na ninajua kwamba hapatamea hata mchicha, niliambiwa nipande miti kumi na miwili, yote ya kimo kimoja. Watu pia waliagizwa, wa milimita kumi na saba, wanaume wamebeba mikoba na wanawake wanasukuma vitoto kwenye vigari, kama kwamba kuna mtu aliyewahi kusukuma kigari cha mtoto kwenye vichochoro vyetu akafika salama. Siku moja nilibandika paka juu ya ukuta, paka mdogo wa milimita nne, kwa sababu Mji wa Kale usio na paka siujui mimi. Mteja akainama, akamwona, akaniambia nimtoe. Nilipomuuliza paka amekosa nini, alinijibu kwamba hayumo kwenye michoro. Nilicheka sana siku ile, na laiti ningejua, ningelia.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Shee, Mungu amrehemu. Yeye alianza na milango ya kweli, ile mikubwa ya kuchonga maua na minyororo, kisha macho yake yakapenda vidogo. Alikuwa na wembe, msumeno mwembamba kama uzi, na subira ambayo sijaiona tena kwa mtu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, na darasa lake lilikuwa baraza ya nyumba hiyo, ile benchi ya mawe na chokaa iliyoshikana na ukuta nje ya mlango. Aliijenga kwa mikono yake mwaka aliomuoa Bi Zuhura. Kwenye ukingo wake, chokaa ikiwa bado mbichi, alichora alama kwa kisu: nyanda, yaani upana wa kidole, kisha shibiri ya kiganja kilichotanuliwa, kisha dhiraa ya mpaka kiwiko. Hiyo ndiyo ilikuwa rula yetu. Nilipomwambia nimeleta rula ya chuma kutoka dukani, alinijibu, "Rula ni kitu cha kupotea. Mimi sijaona mtu aliyepoteza baraza."

Mashine ya leza, ile ikatayo mbao kwa moto wa mwanga, ilikuja Rukia alipofungua karakana. Rukia ni binti wa mtaani aliyesomea ujenzi, akarudi na maarifa mengi na kreti moja kubwa. Aliniita ami, ingawa hatuna udugu wa damu, na akanitaka niwe fundi wake mkuu, cheo nilichokipokea kwa kuwa nilikuwa fundi peke yangu. Chumba cha mashine kilitiwa kiyoyozi. Sisi wengine tulitoka jasho nje. Mashine ilifunikwa kitambaa ili vumbi lisiiguse, haikutakiwa kusikia joto, haikutakiwa kusogezwa, na kila aliyekuja kuitazama alikuja na kitu mkononi, huyu mafuta ya reli zake, yule kitambaa cha kufutia lenzi. Fundi Shee, ambaye alikuwa mzee tayari, aliletwa kuiona. Akatazama kiyoyozi, akatazama kitambaa, akasema, "Huyu ni bi harusi." Na jina lake likawa Bi Harusi mpaka leo.

Mnadhani natania, lakini bi harusi huyo alituumiza wiki ya kwanza tu. Leza ile hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mpira. Kitabu kilisema maji safi. Mimi nikaona, maji ya kisima cha nyumbani kwetu ni safi, twayaogea na twayafulia, nikajaza ndoo. Maji ya visima vya kisiwa hiki yana chumvi, jambo analolijua kila mtoto aliyewahi kusukutua nayo, na mimi nililijua kwa zaidi ya miaka hamsini, ila siku ile elimu ilinitoka. Baada ya siku chache mpira uliganda chumvi ndani na mashine ikapiga kelele hadi majirani wakatoka. Wanangu, tieni maji ya betri, yale ya gereji. Msimpe bi harusi maji ya kisima.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Fundi Shee alikata kwa wembe, na wembe hautoi kitu, unatenganisha tu. Moto wa leza unakula. Unapopita, unaacha mfereji wa upana wa unywele au zaidi kidogo, na unywele huo ukikosa kuuhesabu, kila kipande hutoka kidogo kuliko tundu lake. Mimi nilikata vibao vya madirisha kwa vipimo vya mchoro, sawasawa, nikajisifu. Kisha nikavitia kwenye fremu zake, vikacheza kama meno yangu ya sasa. Basi kwa kila mbao mpya kateni kwanza mraba mmoja mdogo, mpime uliobaki, mjue moto umekula kiasi gani. Na msisadiki kwamba mbao ya jana ni sawa na ya leo. Hewa yetu ina unyevu, plaiwudi inakunywa, inapinda, na lenzi haijui kwamba mbao imeinuka.

La tatu ndilo lililomfurahisha zaidi mwalimu wangu. Moshi wa leza huacha doa la kahawia pembeni mwa kila mkato. Dawa yake ni kuibandika mbao tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kisha kuibandua ukimaliza. Tepu ilikuwa imekwisha, nikajifanya mjanja, nikaulaza mlango kifudifudi ili doa lije nyuma. Mlango huo ulikuwa wa mfano wa nyumba ya ukoo mmoja, na juu yake lilitakiwa jina la babu yao kwa herufi za Kiarabu za kutoboa. Mashine ikaandika vizuri sana, kinyumenyume. Ukoo mzima ukaja, ukasifu, ukapiga picha. Wajukuu hawakujua kulisoma hata likiwa sawa, sembuse likiwa limegeuka. Fundi Shee alikuja mwisho, akaegemea fimbo yake, akatazama, akaniambia kwa adabu, "Salim, nipatie kioo nimsalimie marehemu."

Lakini nimewaahidi vipande. Meza ya mashine ni ya matundu kama sega la nyuki, ili moshi upite chini. Kipande kikubwa hukaa. Kipande kidogo kikimaliza kukatwa huanguka kwenye trei ya majivu, na hutakisikia. Kwa hiyo kila kipande kidogo tunakiachia kishikio, yaani nukta moja isiyokatwa inayokishikilia kwenye mbao mpaka ukitoe mwenyewe kwa wembe. Na baada ya hapo unavihesabu vyote. Fundi Shee alivipanga vipande vyangu kwenye baraza yake, kimoja kimoja, mstari kwa mstari, na akiona pengo alisema, "Kuna mtu hapa analala nje." Alikufa akiwa bado ananipangia. Bi Zuhura akabaki na baraza ile, na magoti yasiyomfikisha mbali, akawa anakaa hapo kila asubuhi na sinia lake la mahamri na sufuria ya mbaazi, na kichochoro kizima kinapita mbele yake kumsalimia. Sisi wateja tulimwita Bi. Yeye alituita majina ya mama zetu, tukichelewa.

Sasa lilikuja agizo la kichochoro chetu chenyewe. Ofisi moja ya mipango, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado wananisalimia, ilitaka kupendezesha mtaa. Mawe mapya chini, taa, na mabomba yafichwe. Mhandisi wao alikuwa Injinia Kyalo, mtu wa bara aliyewahi kufanya kazi bandarini, mpole, mwenye kuvua miwani kila akitaka kufikiri. Alileta michoro ya nyumba thelathini na nane, kutoka msikitini hadi kwenye ngazi za kushukia pwani. Na kwenye pembe ya karatasi, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa, alikuwa ameandika maneno mawili: HAKUNA BARAZA.

Nilisoma mara mbili. Nikamwita Rukia.

"Hapa wamesema hakuna baraza," nilimwambia. "Si ziko?"

"Labda wamekusudia huko mbele, ami. Mradi ukisha."

"Zitakwenda wapi?"

"Ami, sisi twakata tuloandikiwa."

Nami, wanangu, nitasema kweli hapa kwa kuwa mmeshanilipa kwa subira yenu. Nilifurahi. Baraza ndizo zilizokuwa kazi ya kuchosha, kila moja urefu wake, moja imepinda, nyingine imekatwa na mlango. Bila hizo, kila ukuta ulikuwa mkato mmoja mnyoofu. Nilimaliza kichochoro kizima nilichozaliwa ndani yake kati ya adhuhuri na alasiri, nikaenda kunywa kahawa. Nilipita mbele ya Bi Zuhura nikala mahamri mawili, nimeketi palepale nilipotoka kupafuta.

Mfano ulipelekwa, ukatiwa ndani ya sanduku la kioo kwenye ukumbi wa ofisi ile. Walioalikwa waliinama, wakashangaa. Kichochoro kilikuwa kipana! Mtu mmoja mkubwa alisema kwamba hajawahi kujua Mji wa Kale una nafasi kiasi hiki, na akauliza kwa nini gari la wagonjwa halipiti. Wote wakaandika. Mfano ukapitishwa, wakatia sahihi na mhuri, na mhuri waliupiga juu ya ubao wenyewe, karibu na msikiti.

Wiki iliyofuata Injinia Kyalo alikuja mtaani na mkanda wa kupimia. Akapima hapa, akapima pale, akavua miwani. Kichochoro cha kweli kilikuwa chembamba kuliko kile cha mezani, kwa upana wa baraza mbili, ya kulia na ya kushoto. Kati ya viwili hivyo, kimoja kilikuwa na mhuri. Basi akahitimisha, kwa upole wake wote, kwamba mtaa hauendani na mfano, na mtaa urekebishwe. Vibarua wakapita na rangi nyekundu, wakapiga mkasi kila baraza, X kubwa, thelathini na nane.

Bi Zuhura aliniona nikipita kwa haraka, nikiutazama ukuta wa upande wa pili.

"Salim! Ndoo hapa."

Nikaenda.

"Hini nini?"

"Ni alama, Bi."

"Naiona ni alama, nina mato. Yasemani?"

"Yasema itavunjwa."

"Nani kasema ivunjwe?"

Ningeweza kusema ofisi. Ningeweza kusema serikali, na mtaa mzima ungenisadiki, kwa kuwa serikali imezoea kubeba lawama. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya zile alama za kisu, nyanda na shibiri, na mkasi mwekundu ulikuwa umepita juu yake. "Mimi," nilisema. Nikamweleza yote, maneno mawili ya kalamu nyekundu, mkato mnyoofu, kahawa.

Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alifunika mahamri yake kwa kitambaa, akapangusa ukingo wa baraza kwa kiganja, polepole, kama anayepangusa uso wa mtu. "Mkono wa Shee uko hapa," alisema. "Kaburini hauko, uko hapa. Alikufunda kuhesabu, Salim. Hakukufunda kuuliza?"

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nikaenda ofisini bila kubadilisha kanzu, na Rukia nyuma yangu. Injinia Kyalo alitupokea vizuri, akatuagizia chai. Nikamuuliza kwa nini aliandika hakuna baraza, na sisi tunazo tangu kabla ya babu yake na babu yangu.

"Baraza gani, mzee?" akasema. "Baraza ni mkutano. Ile ya chifu, watu wanakuja wanauliza maswali. Nilikuwa najikumbusha kwamba hakutakuwa na mkutano wa wananchi, kwa sababu tumechelewa."

"Uliandika kwenye mchoro wetu."

"Niliandika kwenye karatasi iliyokuwa karibu."

Rukia ndiye aliyeanza kucheka, kisha Injinia, hadi akavua miwani akajifuta macho. Na mimi nawaambia sasa jambo la lugha ambalo lina kazi katika ufundi wetu. Kwetu mtaani, cha mawe ni baraza *yetu*, cha watu ni baraza *lao*. Laiti angeandika "hakuna baraza lolote" ningejua ni mkutano. Angeandika "baraza yoyote" ningejua ni pa kuketi, na ningemuuliza ana wazimu. Lakini aliandika maneno mawili tu, na yale mawili hayakutaka kusema ni lipi. Mteja akiwaletea neno lisilo na mwenziwe, mrudishieni aliongezee.

Injinia aliacha kucheka kabla yetu. Aliutazama mfano ndani ya kioo, akatazama mhuri. "Shida ni kwamba hii sasa si mfano," alisema. "Hii ni waraka. Umepitishwa. Kuubadilisha, lazima kuwe na mkutano wa wananchi."

"Yaani baraza," nilisema.

"Yaani baraza," akakubali kwa huzuni.

Basi baraza likafanyika kwa ajili ya baraza. Likafanyiwa kichochoroni kwetu, asubuhi. Viti vya plastiki vilikodishwa Mwembe Tayari, na vikachelewa, kama ilivyo desturi ya viti vya kukodi. Wakubwa walifika kwa suruali safi, wakasimama juani, hawana pa kukaa. Watu wa mtaa walisimama kila mmoja mlangoni pake. Bi Zuhura akasafisha koo.

"Karibuni, ketini," akasema kwa heshima kubwa. "Hapo kwenye alama nyekundu. Ni palepale."

Wakaketi. Hawakuwa na la kufanya. Injinia alikaa kwa Bi Zuhura na akapewa hamri na kibakuli cha mbaazi. Yule mkubwa wa gari la wagonjwa alikaa baraza iliyofuata. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba vibarua waliagizwa wazikoleze alama asubuhi ile, ili wageni wazione vizuri, na rangi ya pale alipokaa yeye ilikuwa bado mbichi. Alikaa saa nzima akieleza umuhimu wa upana. Aliposimama ili amalize hotuba, alikuwa amebeba nusu ya mkasi mwekundu nyuma ya suruali yake ya kijivu, na kila alipogeuka kuonyesha ukuta mmoja, upande mwingine wa kichochoro ulikohoa. Hakuna aliyemwambia. Nadhani mkewe ndiye aliyemwambia.

Uamuzi ulitoka papo hapo, pengine kwa sababu ya mbaazi: baraza yoyote itakayoonekana kwenye mfano kufikia Ijumaa itabaki. Isiyoonekana itaondolewa. Injinia aliniandikia, na safari hii aliandika "yoyote".

Kuanzia saa ile karakana ikawa na foleni. Niliwaona majirani zangu kama nilivyokuwa sijawaona. Mtu mwenye baraza ya shibiri sita alinishauri kwamba ni kumi. Mwengine alitaka yake izunguke pembe, mahali ambapo babu yake "alikusudia" kuijenga. Jirani ambaye hajawahi kumkaribisha mtu aketi kwake alikuja na karatasi amechora baraza mbili, na mito. Niliwafukuza wote, nikapita mwenyewe na kamba, nikapima nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba alisimama juu yangu kuhakikisha yake.

Nilikata Alhamisi, plaiwudi ya milimita tano, ambayo kwa kipimo chetu cha moja kwa mia ndiyo kimo cha goti. Ya Bi Zuhura niliikata kwanza. Kisha nikapunguza moto wa leza hadi ukawa wa kugusa tu, nikaichora ukingoni zile alama za Fundi Shee. Nyanda hazikuwezekana, ni ndogo mno hata kwa bi harusi. Lakini shibiri zilitoka, mistari minane myembamba, kila mmoja mahali pake. Nilikishika kipande hicho kwenye ncha ya kidole, nikakigeuza kwenye mwanga, na nikalia kidogo, mtaniwia radhi. Umeme ukapepesa. Nikaogopa utakatika, nikaharakisha zilizobaki, sikuacha vishikio. Nikazikusanya, nikazima mashine.

Ijumaa nilibandika zote ofisini, sanduku limefunguliwa, Injinia Kyalo ananishikia taa. Majirani waliruhusiwa kuingia watatu watatu. Kila mmoja alikuja, akainama, akatafuta yake, akaridhika, akatoka. Mwenye nyumba mmoja tu hakuinama kutafuta yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshika gundi. Mhuri wa pili ukapigwa. Bi Zuhura, aliyeletwa kwa tuktuk hadi mlangoni, alivaa miwani ya marehemu mumewe, akahesabu mistari minane kwa kidole bila kuigusa, akaniambia, "Umeuliza."

Nilikwenda Tudor kwa binti yangu, siku mbili, kupumzisha mgongo. Niliporudi, kichochoro kilikuwa na baraza thelathini na saba, zimepanguswa rangi, watu wameketi. Mbele ya mlango wangu palikuwa na kifusi cha mawe na chokaa kilichofagiliwa vizuri pembeni. Vibarua walikuja na picha ya mfano mkononi. Walifanya kazi safi kabisa.

Nilimpigia Injinia simu. Alihuzunika kweli, nilimsikia akivua miwani. "Mzee, kwenye mfano yako haikuwapo. Tulijadiliana. Tukafikiri umeamua kuanza na yako, ili uwe mfano." Akanieleza kwamba yule mkubwa alinitaja kwenye hotuba nyingine, mahali pengine, kama mwananchi wa mfano. Akasema pia kwamba kuirudisha kunawezekana, ila lazima kuwe na baraza. Nikamwambia asante, mtaa umeshachoshwa na suruali za watu.

Siku ya kustaafu, wiki chache baadaye, nilivuta trei ya majivu kuisafisha, kwa mara ya mwisho. Kilikuwa humo, chini ya masizi, kipande cha urefu wa kucha, kimeungua upande mmoja. Baraza yangu ilikuwa fupi kuliko zote kichochoroni, ndiyo maana ilipita kwenye tundu. Nikakipangusa kwa kanzu, nikaenda nacho mfukoni.

Bi Zuhura alikuwa mahali pake. Nilimwonyesha. Akakipokea kwenye kiganja, akakitazama sana, kisha akakiweka ukingoni mwa baraza yake, kando ya alama za kisu. Akasogeza sinia la mahamri. Akapima kwa mkono wake wazi juu ya chokaa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Keti hapa," alisema. "Shibiri mbili zakutosha. Ukizidi, kakalie ile yako."